Nyumba Yangu, Baraza Lao

Jumanne, 1 Aprili 1947

Naandika kwa sababu nimechoka kuambiwa napiga kelele. Karatasi haitaniambia, "Swabaha, punguza sauti, wanaume wako barazani."

Leo asubuhi ndugu yangu Mselemu alikuja. Hakupiga hodi. Alisukuma mlango, akapanda ngazi na viatu vyake vya matope mpaka ukumbini, akaketi kwenye kiti cha marehemu baba, akaagiza kahawa kama yuko mkahawani. Baba hajatimiza mwaka kaburini.

"Nyumba hii ni ya urithi," akanambia. "Mimi mwanamume, fungu langu ni mara mbili ya lako. Tutaiuza. Utapata thuluthi yako, kisha uende ukakae na watu."

"Na watu gani?"

"Kwangu. Kwani mke wangu atakufukuza?"

Mke wake hanitaki, na mimi simtaki, na hilo mtaa wetu wa Kuze mzima walijua. Nikamwambia nyumba hii si urithi. Baba alinipa yu hai, mzima, anakwenda msikitini kwa miguu yake. Mselemu akacheka. Akasema mzee alikuwa akili zimemruka, na kama nina shahidi nimlete kwa kadhi.

Thuluthi ya nyumba hii ni ngazi na choo. Ndiyo niondoke nazo kichwani?

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Dari linavuja juu ya ngazi. Nimetega sufuria.

Jumapili, 6 Aprili

Nimekaa siku hizi mbili nikiwaza, na kila nikiwaza napandwa na hasira upya. Afadhali niliandike jambo lenyewe lilivyokuwa.

Mimi nimeolewa mara mbili, nimeachwa mara mbili, na sikujaliwa mtoto. Mama alipougua nilirudi nikamuuguza mpaka akafa, kisha nikabaki na baba. Mselemu alikuwa na mambo yake. Basi baba, miaka sita iliyopita, aliamua kutugawia alichonacho kwa mkono wake mwenyewe. Wiki moja ile ile Mselemu alipewa shamba la Likoni, minazi na yote, na mimi nikapewa nyumba. Shamba kaliuza, kanunua lori, na lori likaishia mtaroni huko njia ya Mariakani. Hilo halisemi.

Nyumba nayo haikutolewa kwa maneno matupu. Maalim wa msikitini alimwambia baba: ukimpa mtu nyumba nawe umo ndani na kitanda chako, bado hujampa. Toka wewe na vyombo vyako, umkabidhi ufunguo, akae nayo. Akipenda kukukaribisha baadaye, ingia kama anavyoingia mgeni.

Baba alikuwa mtu wa kufanya jambo likafanyika. Alitoa kitanda, sanduku, mswala, bakora, mpaka birika lake la kutawadhia. Wazee waliokuwa barazani kwetu waliinuka kumsaidia, huku wanacheka. Ami Gunga, jirani yetu, alishika tendegu za mbele. Kitanda kikaenda ng'ambo ya njia, kwa Ami Gunga huyo huyo, na baba akalala kule. Asubuhi nikasikia mlangoni, "Hodi!"

Nilidhani mzaha. Nikachungulia dirishani nikacheka. Baba hakucheka. "Nimesema hodi, Swabaha," akasema. Nikaelewa. Nikasema karibu, nikamfungulia, nikampa chumba cha mbele cha juu kilicho na upepo.

Tangu siku ile mpaka anakufa, baba hakuingia nyumba hii bila ya kupiga hodi na kungoja nimjibu. Akitoka msikitini, hodi. Akitoka sokoni na samaki mkononi, hodi. Mtaa mzima ukamcheka, wakambandika jina, Mgeni wa Kuze. Naye akiitwa hivyo huitika, "Naam!"

Kwa hivyo mashahidi ninao. Wanakaa hapo chini kila siku, juu ya baraza langu.

Jumatano, 9 Aprili

Nimevaa buibui langu zuri nimevuka njia kwa Ami Gunga. Nimemshika mkono, nimemuuliza hali, nimeuliza na magoti yake. Kisha nikamwambia haja yangu: aje kwa kadhi aseme alichokiona.

Aligeuza geuza tasbihi yake. "Mwanangu Swabaha," akasema, "umri umekwenda. Mambo ya zamani yale sikumbuki vyema."

"Ami, wewe ulishika tendegu za mbele."

"Huenda. Vitanda nimebeba vingi."

Nikamwangalia. Mwaka juzi mtu huyu alimposea mpwa wake kwangu, na mimi nikasema ahsanta, sitaki. Nilidhani yamekwisha. Kumbe kayaweka.

Alhamisi, 10 Aprili

Wanaume hawa wana jambo moja la ajabu. Wanakaa chini ya dirisha la ukumbi wangu, vilemba vyao nikidondosha sindano navipata, na bado wanadhani siwasikii.

Leo baada ya alasiri Ami Gunga alikuwa akisema, "Mwanamke yupo pekee, nyumba ya ghorofa ya nini? Akizoea kukaa peke yake, nani atamweza?"

Mwengine akasema, "Na yule mpangaji wake Mhindi, mjane. Nyumba ya wanawake watupu."

"Nyumba ikiuzwa," akasema Ami Gunga, "ataolewa mbio. Tutakuwa tumemfanyia hisani. Kiburi yunacho, lakini njaa ya mahali pa kulala itakitoa."

Hisani! Wako juu ya jiwe langu, wanaegemea ukuta wangu, kivuli wanachopumzikia ni cha roshani yangu, kahawa niliwapelekea mimi juzi katika vikombe vyangu, na ndiyo wanapanga nikaonje njaa ya mahali. Nilishika nondo za dirisha. Nilitaka kuwapigia kelele lakini nikajizuia. Nikaenda jikoni.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimenunua nguru mzima, nimempara, nimemtumbua. Maji yote ya shombo, na matumbo na magamba, nimeyamwaga barazani kutoka mwisho mpaka mwisho, nikasugua na ufagio yaingie kwenye chokaa. Paka wa Kuze wote walikuja. Wazee walipotoka msikitini na kanzu zao za Ijumaa walisimama njiani kama watu walioshushwa bandari isiyo yao.

"Swabaha, ni nini hiki?" Ami Gunga akauliza.

"Naosha nyumba, Ami. Ya kwangu."

Jumamosi, 12 Aprili

Hakuna aliyekaa. Nguru alikuwa mtamu.

Alhamisi, 17 Aprili

Hajrabai, mpangaji wangu wa chini, simwelewi. Miaka mitatu anakaa hapa, hulipa kwa wakati, hana makuu. Kutwa mashine yake ya kushonea inalia. Ni mjane wa Kibohora, watu wake wanataka aende akakae kwa shemeji yake, naye hataki. Nilimpenda kwa hilo tu. Lakini leo nimerudi kutoka soko la Marikiti nikamkuta mlangoni anazungumza na Mselemu, kwa sauti ndogo, na waliponiona wakanyamaza. Mselemu akaondoka bila hata ya salamu.

Nikamwuliza Hajrabai, "Alikuwa yuwasemaje?"

"Mambo tu, Bi Swabaha," akasema, akainamia mashine.

Mambo tu! Kwa hivyo hata yeye. Usiku huu nasikia dari likidondosha maji nikisema moyoni, nimefuga nyoka chini ya ngazi.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua kutwa. Sufuria mbili sasa. Sina la kuandika ila kwamba nawachukia wote.

Jumatatu, 28 Aprili

Mjumbe wa kadhi kaja. Mselemu kashitaki. Tutasikizwa mwisho wa mwezi ujao.

Jioni akaja shangazi yangu Mejumaa, dada wa baba. Nilijua katumwa. Alianza tangu mlangoni: nani atakuzika, mwanamke hakai na nyumba, hukaa na mume, utavunja undugu kwa ajili ya mawe na boriti, mpe ndugu yako akulinde. Nilimwacha aseme mpaka akachoka. Kisha nikamwuliza, "Shangazi, wewe nyumba yako ya Tononoka iko wapi?"

Nyumba ile aliijenga kwa kukaanga bajia miaka yote ya ujana wake. Kisha akaiandikisha kwa jina la mwanawe ili amlinde.

"Walala wapi siku hizi, shangazi?"

"Ukumbini," akasema. "Mkeka naukunja alfajiri kabla wajukuu hawajaamka, wasione." Akaanza kulia, na mimi nikaona haya kwa kumliza, lakini hasira yangu haikupungua hata chembe. Iliongezeka. Ikawa ya watu wawili.

Alipoinuka kwenda akasema, "Mimi nilikuwapo siku ile ya kitanda. Nilikuwa jikoni kwako napika uji. N'tasema."

Jumatatu, 5 Mei

Nimemwita fundi Kitsao aje azibe dari. Alipofika na ndoo yake ya chokaa, Mselemu alikuwa kasimama njiani na Ami Gunga.

"Rudi kwenu," Mselemu akamwambia. "Nyumba hii yauzwa. Usitie chokaa bure."

Kitsao akaweka ndoo chini, akafuta mikono. "Aliyenita ni nani?" akauliza.

"Mimi," nikasema kutoka juu.

"Basi nishushie ngazi." Akapanda kwenye paa na kuanza kazi. Mselemu akabaki chini akitukana. Bonge la vumbi la chokaa ya zamani likamdondokea kanzuni; sijui kama ni bahati mbaya, wala sikuuliza.

Jumatano, 14 Mei

Sufuria zimekauka. Nimelala ule usingizi wa zamani.

Na Hajrabai nimemdhulumu. Leo shangazi Mejumaa alikuja kushonewa kanga, wakazungumza, kisha akapanda juu kunigombeza. Kumbe siku ile Mselemu alikuwa akimwambia Hajrabai atampunguzia kodi akishaiuza nyumba kwa rafiki yake, mradi aseme kwa kadhi kuwa baba ndiye aliyekuwa akipokea kodi, si mimi. Hajrabai akamjibu kuwa tangu alipoingia hapa kodi huiweka mkononi mwangu, na siku moja alipompa baba kwa kosa, baba alikataa kuipokea. Alisema, "Mpe mwenyewe."

Nikashuka mbio. "Mbona hukunambia?"

"Ulikuwa na hasira nyingi," akasema Hajrabai. "Niliona nikisema utakwenda kumpiga, nawe ndiye utakayefungwa." Akakata uzi kwa meno. "Shemeji yangu atakasirika nikienda mahakamani. Nitakwenda. Nikitolewa hapa, ni kwake nitakakopelekwa."

Nilikaa kidogo juu ya kigoda chake, kisha nikapanda juu. Nikamletea kaimati.

Alhamisi, 22 Mei

Rajabu imeandama. Nimefanya hesabu na hesabu hainipi. Wanawake wawili ninao, na mbele ya kadhi wanasimama mahali pa mwanamume mmoja. Namtaka mwanamume mmoja tena, mmoja tu, aliyekiona kitanda. Wote waliokishika wako upande wa pili, au wamekufa. Nimewapitia waliobaki nyumba kwa nyumba. Mmoja alisema macho hayaoni. Mmoja alisema hataki ugomvi na Gunga, wanaswali safu moja. Mmoja hakutoka, alimtuma mkewe aseme hayuko, na mimi kofia yake naiona kwenye pazia.

Wanaume wa mtaa huu wana ndevu za nini?

Jumanne, 27 Mei

Kesho. Nimeosha buibui. Sili kitu.

Jumatano, 28 Mei

Leo naandika yote.

Mahakamani tulikaa wanawake watatu upande mmoja, na upande wa pili Mselemu, Ami Gunga, na wale wa barazani wamejipanga na vilemba vyao. Kadhi ni mtu mkimya, mwenye macho ya kuvimba. Alinisikiza. Akamsikiza shangazi, akamsikiza Hajrabai. Kisha akauliza, "Una mwanamume aliyeona marehemu akitoka na vyombo vyake?"

"Wapo, Sheikh," nikasema. "Lakini wamesahau."

Wakacheka. Kadhi hakucheka. Akasema bila ya shahidi mwengine jambo langu halijakamilika, na akamgeukia Mselemu amalize la kwake. Niliiona nyumba yangu na watu wengine ndani yake.

Na hapo, lau Mselemu angenyamaza, angenishinda. Lakini Mselemu hajapata kunyamaza. Alitaka anizike kabisa. Akasimama akarekebisha kilemba.

"Sheikh, hata kama alisema kampa, marehemu hakuwa na akili timamu. Alikuwa akipiga hodi mlangoni kwake mwenyewe! Kila siku! Anasimama nje kama mwombaji mpaka huyu amwambie karibu. Mji mzima ulikuwa ukimcheka. Muulize Mzee Gunga."

Ami Gunga akainuka, mwenye furaha kupata la kusema ambalo ni kweli. "Naam, Sheikh, hilo ni sahihi kabisa. Hata jina tukampa, Mgeni wa Kuze. Yu mvuani, kalowa chapa, na haingii mpaka ajibiwe."

"Tangu lini akifanya hivyo?" kadhi akauliza, polepole.

"O, miaka. Tangu asubuhi ile alipotoka kwangu, baada ya sisi kuhamisha kitan..." Akakoma.

Nilimsikia Hajrabai akivuta pumzi.

"Kitanda," kadhi akammalizia. "Kitanda cha nani, Mzee Gunga?"

"Cha marehemu."

"Mkakihamisha kutoka wapi mpaka wapi?"

Tasbihi ikawa yazunguka vidoleni kwa kasi. Mtu yule ni mwongo wa barazani, lakini kuapishwa kaapishwa, na Mwenyezi Mungu anamwogopa, hilo nitampa. "Kutoka nyumba ile mpaka kwangu, Sheikh. Na sanduku. Na birika. Nilishika tendegu za mbele."

"Na ufunguo?"

"Alimpa binti yake. Tulikuwapo."

Mselemu akaruka. "Lakini akili, Sheikh! Akili hakuwa nazo!"

"Wewe alikupa shamba la Likoni," kadhi akasema. "Lini?"

Mselemu akatazama chini.

"Wiki ile ile," nikasema. Sikuruhusiwa kusema, nikasema.

"Basi kama hakuwa na akili, shamba nalo lirudi katika urithi, nawe ulilipe kwa sababu umeliuza. Wataka hivyo?" Mselemu akaketi. Kadhi akavua miwani. "Mwenye nyumba hapigi hodi kwake. Marehemu alijua alichokifanya, na akakishuhudia kwa ulimi wake kila siku mpaka kufa. Nyumba ni ya Swabaha."

Ningependa kuandika kuwa nilifurahi. Nilikasirika zaidi. Miaka mitano na zaidi baba yangu alisimama mvuani mbele ya watu hawa, akiwawekea ushahidi masikioni mwao, nao wanamcheka. Njiani kurudi nililia mpaka ushungi ukalowa, shangazi kanishika mkono huu na Hajrabai mkono huu, na watu wakidhani tumeshindwa.

Jumapili, 1 Juni

Shangazi Mejumaa kahamia chumba cha mbele. Mkeka wake nimeutupa. Analala kwenye kitanda kile kile cha baba.

Jumatano, 4 Juni

Ami Gunga kapita njia mara nne leo, anatazama baraza. Mvua imeshaosha shombo zamani. Hathubutu kukaa. Namwangalia kutoka dirishani wala simsaidii.

Alhamisi, 12 Juni

Mvua za masika zimekatika, yamebaki manyunyu ya mchana. Alasiri nilikuwa ukumbini napepeta mchele. Mlango wa chini ulikuwa wazi kama kawaida ya mchana. Nikasikia viatu vinakuja, vikafika kizingitini, vikasimama.

"Hodi."

Ungo ulinitoka mikononi, mchele ukamwagika sakafu nzima. Wallahi ilikuwa sauti ya baba. Ile ile, na kile kikohozi kidogo mbele yake. Shangazi alitoka chumbani kashika kifua.

Nikachungulia dirishani. Alikuwa Mselemu. Kasimama nje, manyunyu yanamwangukia kofiani, mkononi kabeba bakora ya baba aliyoichukua siku ya maziko bila ya kuniuliza. Miaka yangu yote sikujua kuwa mtu huyu ana sauti ya baba, kwa sababu miaka yake yote hajapata kupiga hodi mlangoni petu.

Sikujibu. Nikapiga magoti nikaanza kuokota mchele.

"Hodi," akasema ya pili.

Shangazi akanitazama. Sote tulifunzwa adabu moja utotoni: mtu hupiga hodi tatu, na ya tatu ikikosa jibu huenda zake, hana lawama. Nilikumbuka njaa ya mahali. Nikakumbuka kiti cha baba na kahawa aliyoiagiza. Nikashuka mpaka nusu ya ngazi nikasimama pale palipokuwa pakivuja, ambapo sasa pakavu. Kutoka pale aliniona, nami nikamwona. Hakuvuka kizingiti. Maji yalikuwa yakimtiririka shingoni.

"Hodi," akasema ya tatu, na hii ilikuwa ndogo.

Nikamwacha anyeshewe kidogo tena.

"Karibu," nikamwambia. "Vua viatu."